Ukubwa wa Injini ya Ndege ya Mfano na Mzigo wa Propela: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unakusanya maswali ambayo wanaounda na kurusha ndege za mfano Lubumbashi, Likasi na Kolwezi huuliza tena na tena, hasa wale walionunua injini iliyotumika, isiyo na kitabu chake cha maelezo. Mtu hutafuta injini kwa muda mrefu, huisafirisha kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, halafu huifunga propela yoyote aliyoipata kwa jirani. Huko ndiko matatizo mengi yanakoanzia, kwa sababu injini haijui uzito wa ndege wala urefu wa mabawa yake. Kitu pekee inachokihisi ni mzigo wa propela iliyofungwa mbele yake, na kila kitu kingine, yaani joto, mizunguko, nguvu na uhai wa injini yenyewe, hufuata mzigo huo.

Namba kama 15, 25, 40 na 46 zilizoandikwa kwenye injini zina maana gani?

Ni ujazo wa silinda, yaani nafasi ambayo pistoni huipitia kutoka chini hadi juu, ukihesabiwa kwa sehemu za mia za inchi ya ujazo. Injini ya 40 ina inchi za ujazo 0.40. Inchi moja ya ujazo ni sawa na sentimita za ujazo 16.4, kwa hiyo ukizidisha utapata kwamba injini ya 15 ni sentimita za ujazo 2.5, ya 25 ni 4.1, ya 40 ni 6.5, ya 46 ni 7.5, ya 61 ni 10, na ya 91 ni karibu 15. Injini ndogo za kampuni ya Cox zilizoandikwa .049, ambazo wazee wengi waliozoea ndege zinazoongozwa kwa kamba wanazikumbuka, zina sentimita za ujazo 0.8 tu. Injini za petroli na nyingi za Ulaya huandikwa moja kwa moja kwa sentimita za ujazo, na ndiyo maana mtu anaweza kuona injini ya 20 iliyo kubwa mara tatu kuliko ya 40. Kabla ya kulipa, uliza namba hiyo imehesabiwa kwa kipimo gani.

Je, injini yenye ujazo mkubwa daima ina nguvu zaidi?

Kwa kawaida ndiyo, ila nguvu iliyoandikwa kwenye kisanduku inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Watengenezaji hutaja nguvu ya juu kabisa pamoja na mizunguko inayoileta, na kwa injini nyingi za 46 za mipigo miwili, yaani zinazowaka mara moja kwa kila mzunguko, mizunguko hiyo ni kama 16,000 kwa dakika. Propela ya kawaida ya ndege ya kujifunzia huiruhusu injini hiyo ifike kati ya 11,000 na 13,000 tu. Kwa hiyo sehemu ya nguvu iliyotangazwa haitafikiwa kamwe na ndege yako, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya hutokea pale mtu anapolinganisha injini mbili kwa namba ya kisanduku, akaacha kuuliza kila moja inazungusha propela ipi kwa mizunguko mingapi. Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloonyesha ni injini gani ina nguvu utakayoitumia.

Propela imeandikwa 10×6. Namba hizo mbili zinaeleza nini?

Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi, yaani urefu kutoka ncha moja hadi nyingine. Ya pili ni hatua, nayo ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa inapenya kitu kigumu bila kuteleza. Kwa propela hiyo ni inchi 6, sawa na sentimita 15.

Hatua ndiyo inayoweka mpaka wa mwendo wa ndege. Zidisha mizunguko kwa hatua, kisha zidisha jibu kwa 0.001524, utapata mwendo huo kwa kilomita kwa saa. Propela ya 10×6 inayozunguka mara 12,000 kwa dakika inatoa karibu kilomita 110 kwa saa. Ndege yenyewe huruka chini ya hapo, kwa sababu hewa huzuia mwili na mabawa yake.

Mzigo wa propela ni nini hasa, na unalinganishwaje?

Mzigo ni nguvu ambayo propela inaidai injini ili izunguke kwa kasi fulani. Kwa propela za umbo linalofanana, nguvu hiyo hukua kwa kufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe hadi kipeo cha nne, hatua mara moja, na mizunguko hadi kipeo cha tatu. Sentensi hiyo inastahili kusomwa mara mbili, kwani ndani yake mna karibu kila kitu ambacho ukurasa huu unajaribu kueleza.

Tuanze na kipenyo. Propela ya 10×6 tunaipa mzigo wa 10 × 10 × 10 × 10 × 6, yaani 60,000. Ile ya 11×6, ambayo kwa macho inatofautiana nayo kwa upana wa kidole kimoja, inatoa 87,846. Inchi moja tu imeongeza mzigo kwa asilimia 46. Fundi anayebadilisha 10 kwa 11 akidhani ni mabadiliko madogo ameipa injini yake karibu nusu ya kazi juu ya ile iliyokuwa ikifanya.

Sasa linganisha propela tatu: 9×9, 10×6 na 11×4. Ukizihesabu utapata 59,049, 60,000 na 58,564. Mzigo wa zote tatu ni karibu uleule, na injini moja itazizungusha kwa mizunguko inayokaribiana. Hata hivyo, kwa mizunguko 12,000, ya kwanza ina mwendo wa hatua wa kilomita 165 kwa saa, ya pili 110, na ya tatu 73. Nguvu ni ileile, lakini ndege zinazofaa kubebwa nayo ni tofauti kabisa. Hapa ndipo inapoonekana kwamba kanuni inayozunguka kwa mafundi wengi, ile ya kuongeza inchi moja ya kipenyo na kupunguza inchi moja ya hatua, haitoshi. Ukitoka 10×6 kwenda 11×5 umefika 73,205, ambao ni mzigo mkubwa zaidi kwa asilimia 22. Ili mzigo ubaki palepale kwa ukubwa huu wa propela, inchi moja ya kipenyo inalipwa kwa inchi mbili za hatua, au hata tatu unapokuwa kwenye hatua ndefu.

Mizunguko nayo iko kwenye kipeo cha tatu, na hilo ni jambo la heri, kwa kuwa linaizuia injini isisimame ghafla. Ukiifungia 11×6 injini iliyokuwa ikizungusha 10×6 kwa mizunguko 12,000, na tukichukulia kwamba nguvu yake haijabadilika, itashuka hadi kama 10,600. Mbeba makaa anayeingia mjini na baiskeli yake hufanya hivyohivyo: nguvu ya mwili wake ni moja, na idadi ya magunia ndiyo inayoamua ataingia kwa mwendo gani na akiwa amechoka kiasi gani.

Hesabu hii ina mipaka yake. Haifai kulinganisha propela nyembamba na pana, ya mbao na ya plastiki, wala za kampuni mbili tofauti, kwa sababu upana na umbo la mapanga hubadilisha mzigo. Pia hatua ikizidi sana ukilinganisha na kipenyo, kama kwenye 9×9, propela huivuruga hewa ndege inaposimama, na hushika vizuri tu ikishaanza kwenda. Itumie hesabu kuchagua propela za kujaribu, kisha acha mizunguko iliyopimwa ikate shauri.

Nianze na propela gani kwa injini yangu?

Kwa injini za mipigo miwili zinazotumia methanoli, hizi ni sehemu nzuri za kuanzia. Injini ya .049 huanza na 6×3 au 5×3. Ya 15 huanza na 8×4. Ya 25 hupenda 9×5 au 9×6. Ya 40 ina rafiki wake wa miaka yote, 10×6. Ya 46 hutumia 11×5 au 11×6 kwenye ndege za kawaida na 10×7 kwenye ndege zinazokwenda mbio. Ya 61 huanza na 12×6, na ya 91 na 14×6. Ukiwa na kitabu cha mtengenezaji, kifuate hicho kabla ya maneno yangu, kwa kuwa injini mbili zenye ujazo mmoja zinaweza kuwa na milango ya kuingizia na kutolea hewa iliyochongwa kwa mizunguko tofauti.

Nitajuaje kwamba mzigo umezidi, au kwamba ni mdogo mno?

Injini iliyozidiwa husema mapema, na anayeisikiliza ataielewa. Ukiifungua kabureta yote, inapanda vizuri, inakaa sekunde kumi au ishirini, kisha sauti inaanza kushuka polepole ingawa hukugusa kitu. Kichwa cha silinda kinapata joto kali. Wakati mwingine unasikia mlio mkavu kama wa kukaanga, ambao ni dalili kwamba mchanganyiko unawaka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Waya wa plagi ya joto, ile ambayo mafundi wetu wanaiita buji, hupinda au hukatika mara kwa mara. Katika hali mbaya zaidi, injini hupiga kinyume kwa nguvu na kulegeza nati ya propela, na propela huruka mbele. Makosa ambayo watu hufanya hapo ni kuikaza sindano ya kabureta ili irudishe mizunguko iliyopotea. Kuikaza kunapunguza mafuta, na kwenye injini hizi mafuta ndiyo yanayobeba ulainisho na sehemu kubwa ya upoozaji. Injini iliyoelemewa na kunyimwa mafuta kwa pamoja haidumu.

Mzigo mdogo mno una sauti nyingine: mlio mwembamba unaopanda bila kukoma ndege inapoinamisha pua. Mizunguko ikipita kiwango ambacho injini ilitengenezewa, konrodi, yaani mkono wa pistoni, na beringi ndizo zinazolipa. Tena, propela ndogo haina uzito wa kutosha kuizungusha injini kwa utulivu inapopunguzwa, kwa hiyo injini huzimika kila unapojaribu kutua. Kama injini yako ya 46 inapita mizunguko 14,500 ikiwa chini na propela ya ndege ya kujifunzia, mpe mzigo zaidi.

Sina takometa. Nifanye nini?

Takometa ya macho, yaani kipima mizunguko kinachosoma mwanga unaokatwa na mapanga ya propela, ni kifaa kidogo na ningekishauri kinunuliwe kabla ya injini ya pili. Ina hata njia rahisi ya kuhakikiwa. Umeme wetu wa SNEL ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa ya mrija ya zamani humulika mara 100 kwa sekunde. Takometa iliyowekwa kwa propela ya mapanga mawili, ukiielekeza kwenye taa hiyo, inapaswa kusoma 3,000. Taa nyingi mpya hazifai kwa jaribio hili, kwa sababu mwanga wake haufuati mapigo ya umeme kwa namna hiyo.

Usipokuwa nayo, simu yako inatosha. Pakua programu yoyote inayochora masafa ya sauti, simama nyuma ya ndege hatua chache, na mwenzako aishike vizuri wakati kabureta imefunguliwa yote. Injini ya mipigo miwili huwaka mara moja kwa kila mzunguko, kwa hiyo kilele cha kwanza kwenye mchoro, kikizidishwa kwa 60, ndicho mizunguko kwa dakika. Ukiona vilele kwenye 190, 380 na 570, chukua 190: injini iko kwenye 11,400. Mara nyingi kilele cha 380 ndicho kirefu zaidi, kwa kuwa mapanga mawili ya propela nayo yanapiga hewa mara mbili kwa kila mzunguko, na wengi hudanganywa na hicho wakaamini injini yao inafika 22,800. Kwa injini ya mipigo minne, inayowaka mara moja kwa mizunguko miwili, kilele cha chini kizidishwe kwa 120.

Andika kila kipimo kwenye daftari pamoja na propela, mafuta, saa na hali ya hewa. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote.

Kwa nini injini huzunguka haraka zaidi ndege ikiwa hewani?

Ndege ikishaanza kwenda, hewa inakutana na mapanga ikiwa tayari na mwendo wake, pembe ambayo panga linaikata inapungua, na mzigo unashuka. Mizunguko hupanda kwa takriban asilimia 10 juu ya ile uliyoipima chini, wakati mwingine zaidi ndege inaposhuka kwa kasi. Hii ndiyo sababu sindano ya kabureta hurekebishwa ndege ikiwa ardhini hadi mizunguko ifike kileleni, kisha hufunguliwa kidogo mpaka mizunguko ishuke kwa 300 hadi 500. Injini iliyoachwa kileleni ikiwa ardhini itakuwa na upungufu wa mafuta ikiwa angani, na huko huwezi kuifikia sindano. Kabla ya kuruka, iinue pua ya ndege kuelekea juu kwa sekunde chache, injini ikiwa imefunguliwa yote: ikilegea, fungua sindano kidogo zaidi.

Lubumbashi iko juu sana ya usawa wa bahari. Je, nipunguze propela?

Hili ndilo swali ambalo majibu yake mjini yanapingana zaidi, na nalipa nafasi kubwa kwa makusudi. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200. Goma na Bukavu, kando ya Ziwa Kivu, ziko kwenye mita kama 1,500. Hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani, na wepesi wake hubadilika na joto. Asubuhi ya Julai, nyuzi zikiwa 10, uzito wa hewa ni kama asilimia 88 ya ule wa kawaida wa usawa wa bahari. Alasiri ya Oktoba, nyuzi zikiwa 30, unashuka hadi kama asilimia 82, na ndege inajiona kana kwamba iko karibu na mita 2,000.

Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza nguvu kwa karibu kiasi hichohicho. Lakini propela nayo inakata hewa ileile nyepesi, kwa hiyo mzigo wake umepungua kwa kiasi kilekile. Viwili hivyo karibu vinafutana, na takometa itasoma karibu mizunguko ileile ambayo ndugu yako angeisoma Dar es Salaam, labda chini kidogo, kwa sababu msuguano ndani ya injini haupungui pamoja na hewa. Mtu anayetazama takometa peke yake atasema hakuna kilichopotea.

Kilichopotea ni msukumo. Mizunguko ikiwa ileile na hewa ikiwa asilimia 82, msukumo nao ni kama asilimia 82. Wakati huohuo mabawa yanahitaji mwendo wa juu zaidi kwa kama asilimia 10 ili yaibebe ndege ileile, ilhali mwendo wa hatua ya propela haujaongezeka hata kidogo. Nafasi iliyokuwapo kati ya mwendo wa kupaa na mwendo wa propela imebanwa pande zote mbili, na ndiyo maana ndege iliyopaa kwa urahisi kwenye video ya pwani inakimbia hadi mwisho wa uwanja hapa kwetu, huku kichuguu kikiisubiri mbele.

Kwa hiyo usipunguze propela kwa ajili ya urefu wa mji, na usiikuze ukitafuta msukumo uliopotea, kwani kuikuza kunaishusha injini chini ya mizunguko yake. Ongeza ujazo wa injini. Sentimita za ujazo 7.5 za injini ya 46, zikizidishwa kwa 0.82, zinabaki kama 6.2, kidogo chini ya injini ya 40 iliyo pwani. Ramani ya ndege ikisema 40, weka 46 ikiwa fremu inaibeba bila kuharibu mizani ya ndege. Ikisema 46, tafuta 50 au 55. Njia ya pili, isiyogharimu fedha, ni kupunguza uzito wa ndege tangu unapoijenga, na mimi naipendelea hiyo kuliko injini yoyote.

Kuna marekebisho mengine mawili yanayotokana na hewa hii. Kabureta iliyopangwa mahali pa chini itatoa mafuta mengi mno hapa, kwa hiyo sindano hukazwa kidogo, na hurudishwa unapotoka Oktoba kwenda Julai. Pili, kwa kuwa hewa inayobanwa ndani ya silinda ni pungufu, methanoli huchelewa kuwaka, na plagi yenye joto zaidi mara nyingi hurudisha utulivu wa injini inapopunguzwa.

Ndege yangu inahitaji kipenyo kikubwa au hatua ndefu?

Itazame ndege yenyewe. Ndege ya kujifunzia, yenye bawa nene na mwili mpana, haitakwenda mbio hata ukiilazimisha, kwa hiyo mpe kipenyo na hatua fupi. Ndege laini yenye bawa jembamba itaifaidi hatua ndefu. Nakala ya ndege ya kweli yenye pua pana inahitaji kipenyo cha ziada, kwa sababu sehemu ya katikati ya propela inasukuma hewa kwenye pua hiyo na haisaidii kitu. Kwa ndege yoyote, mwendo wa hatua uwe angalau mara mbili na nusu ya mwendo wa chini kabisa ambao ndege inaweza kuruka bila kuanguka.

Tahadhari na mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye mkia ili kupima msukumo. Ndege ikiwa imesimama, 11×4 mara nyingi itaishinda 10×6, na ukiichukua kwa sababu hiyo utashangaa ndege ikipaa vizuri kisha ikikataa kusonga dhidi ya upepo.

Kelele nayo inafuata mwendo wa ncha za propela. Propela ya inchi 9 kwenye mizunguko 18,000 ina ncha zinazokwenda mita 215 kwa sekunde. Ya inchi 11 kwenye 11,000 iko kwenye mita 161. Anayerusha karibu na makazi ya Katuba au Ruashi afikirie jirani zake anapochagua.

Je, nitumie propela yenye mapanga matatu?

Itumie ikiwa magurudumu ni mafupi na ncha zinagusa majani, au ikiwa ndege unayoiiga ilikuwa nayo. Punguza kipenyo kwa inchi moja au hatua kwa inchi moja ili mzigo usizidi. Kwa utendaji peke yake, mapanga mawili yanatosha.

Injini ya mipigo minne inafananaje na ya mipigo miwili?

Inawaka nusu ya mara, kwa hiyo inahitaji ujazo mkubwa zaidi ili ifanye kazi ileile. Ndege iliyopangiwa 40 ya mipigo miwili hubebwa vizuri na 52 ya mipigo minne, na ile ya 46 na kama 70. Inafanya kazi kwenye mizunguko ya chini, kwa kawaida 9,000 hadi 11,000, na kwa hiyo hupenda kipenyo kikubwa zaidi, kama 11×7 au 12×6 kwa injini ya 52. Mzigo mdogo huidhuru haraka kuliko ya mipigo miwili, kwani vali zake haziwezi kufuata mizunguko ya juu.

Na injini ya petroli?

Kwa injini ya sentimita za ujazo 20 anza na 16×8, kwa 26 anza na 18×8, na kwa 50 anza na 22×8. Ni injini nzito, zinazotetemeka sana na kufanya kazi kwenye mizunguko ya chini, kati ya 6,500 na 8,500. Petroli inapatikana kila kona ya mji, na hilo linawavuta wengi, lakini propela ya inchi 22 ni kitu cha kuogopwa na haifai mtu anayeanza.

Motor ya umeme nayo ina mzigo wa aina hii?

Kanuni ya propela ni ileile, ila motor hujibu kwa namna ya kinyume, na tofauti hiyo imeunguza vifaa vingi. Injini ya methanoli ikizidiwa inapungua mwendo. Motor ya umeme ikizidiwa inajitahidi kubaki kwenye mizunguko yake na inavuta ampea zaidi kutoka kwenye betri. Motor yenye Kv 1,000, yaani mizunguko 1,000 kwa kila volti, kwenye betri ya volti 11.1 itataka kuzunguka karibu mara 11,100. Ikiwa na 10×5 inavuta ampea 30, kisha ukaweka 11×5, mzigo umepanda kwa asilimia 46 na ampea zinaelekea 40 na zaidi. Kidhibiti mwendo cha ampea 40 kinaweza kuungua kabla hujamaliza kupaa. Hapa kipimo cha ampea kinachukua nafasi ya takometa.

Motor haivuti hewa, kwa hiyo urefu wa Lubumbashi hauipunguzii nguvu. Hewa nyepesi inaipunguzia mzigo tu, na katika hali hiyo kukuza propela kidogo, ukiwa na kipimo mkononi, kunarudisha msukumo uliopotea.

Injini mpya izoeshwe kwa propela ipi?

Kwa ile yenye ringi ya pistoni, tumia propela ya kawaida au ndogo kidogo, na iache izunguke polepole kwa mafuta mengi, vipindi vifupi, ikipoa katikati. Kwa ile yenye pistoni ya alumini ndani ya mrija wa shaba ya njano uliopakwa kromu, njia hiyo inaiharibu, kwa sababu mrija umebana juu ukiwa baridi na hupanuka tu unapopata joto. Ifungie propela ndogo, kama 10×5 kwa injini ya 46, iruhusu ifike kwenye joto lake la kazi mapema, na mafuta yawe mengi kidogo tu.

Mafuta yanaathiri mzigo ambao injini inaweza kuubeba?

Yanaathiri. Mchanganyiko wa methanoli asilimia 80 na mafuta ya nyonyo asilimia 20, bila nitromethani, unaendesha injini nyingi vizuri, na kwa gharama zetu ndio wa busara. Nitromethani ya asilimia 5 hadi 15 huongeza nguvu na utulivu wa mizunguko ya chini, lakini anayebadilisha mafuta lazima apime mizunguko upya na propela ileile. Usipunguze mafuta ya nyonyo ili kuokoa fedha. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua: isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda, na isiachwe watoto wanapoweza kuifikia.

Propela yangu imekatika ncha kidogo. Je, naweza kuisawazisha na kuendelea?

Hapana. Mkato mdogo kwenye ncha ni mwanzo wa ufa, na kwenye mizunguko 12,000 kipande kinachoruka kina mwendo wa mita 160 kwa sekunde. Ivunje kabisa kabla ya kuitupa ili mtoto asiiokote na kuitumia. Propela mpya ndiyo inayosawazishwa: ipitishie chuma laini katikati, iache itulie, na upande unaoshuka ukwanguliwe kidogo kwa msasa mgongoni mwa panga mpaka isishuke upande wowote. Kaza nati kwa spana, si kwa koleo, na ihakikishe tena baada ya mruko wa kwanza. Washa kwa kijiti au kwa mota ya kuwashia, watazamaji wakiwa nyuma ya ndege na wala wasiwe kwenye mstari wa mzunguko wa propela, na sindano irekebishwe kutoka nyuma kila mara injini inapokuwa inafanya kazi.